Gari Linapungua Kulanti: Mwongozo Kamili wa Kusaka Uvujaji na Kuuziba Ukiwa Nyumbani

Malalamiko ni yale yale. Mmoja anasema: "Nimebadilisha rejeta, nimebadilisha mpira wa juu, bado kila asubuhi naongeza maji." Mwingine kaziba kabisa panapovuja, lakini gari linachemsha akipanda Kibosho au akikwama kwenye foleni ya Sakina. Wa kwanza alinunua spea kabla hajaona tone linatokea wapi. Wa pili aliziba vizuri, ila hakutoa upepo, yaani hewa iliyofungiwa kwenye njia za maji.

Makosa hayo mawili ndiyo yanayokula hela za watu wengi, kwa hiyo hatua zinazohusika nimezipa nafasi kubwa. Mengine nitayapitia haraka.

Nimechukulia magari yaliyojaa mitaani kwetu Arusha na Moshi: IST, Vitz, Passo, Premio, Spacio, Noah. Gari la Ulaya lina mpangilio huo huo, ila mara nyingi mfuniko wa presha unakaa kwenye tanki la plastiki, siyo juu ya rejeta.

## Vifaa: kusanya kabla hujafungua boneti

- Kulanti (maji yenye dawa ya kupozea injini) ya kutosha kujaza upya. Gari dogo huchukua takribani lita 5, Noah na wenzake huchukua zaidi. Kiasi kamili kiko kwenye kitabu cha gari. Soma dumu: kama imeshachanganywa, usiiongeze maji. Kama ni nzito, changanya nusu kwa nusu.
- Maji yaliyosafishwa kwa mvuke, lita 5 hadi 10, kwa ajili ya kusuuza na kuchanganyia. Dukani wengi huyaita maji ya betri. Hapa kuwa macho: rafu hiyo hiyo huwa na asidi ya betri, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa yoyote. Soma chupa mwenyewe.
- Mfuniko mpya wa rejeta, wenye namba ile ile ya presha iliyoandikwa kwenye wa zamani, kwa mfano 0.9 au 1.1.
- Klipu za kukaza kwa bisibisi, nne au tano za saizi tofauti.
- Pampu ya kupimia presha ya rejeta. Huna haja ya kuinunua. Ongea na fundi wa rejeta akukodishie kwa saa moja, au mwite aje nayo.
- Tochi, kioo kidogo cha mkononi, plaizi, bisibisi, spana namba 10 na 12, wembe au kisu kikali, msasa laini, faneli, glavu, beseni, matambaa na boksi kubwa la karatasi lililofunguliwa likalala bapa.
- Dumu tupu lenye mfuniko la kuhifadhia kulanti chafu.

Kama utalazimika kuingia chini ya gari, ongeza stendi mbili imara. Jeki peke yake ni ya kubadilishia tairi. Tofali nalo siyo stendi, maana hupasuka bila kutoa taarifa.

## Hatua ya 1: Acha injini ipoe kabisa

Hili kila mtu analijua na kila mwaka watu wanaungua, kwa hiyo nieleze sababu.

Arusha mjini iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Sufuria ya maji iliyo wazi huku huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, siyo 100. Injini yako ikiwa imepata moto vizuri hufanya kazi karibu na hapo hapo. Kinachozuia maji yasichemke ndani ya rejeta ni presha inayoshikiliwa na ule mfuniko: ukiwa na mfuniko mzima wa 0.9, hata maji matupu yatafika takribani nyuzijoto 115 kabla ya kuchemka. Fungua mfuniko huo injini ikiwa ya moto, na presha inaondoka kwa mkupuo. Maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke palepale, na njia yake ya kutokea ni usoni kwako.

Subiri saa mbili au tatu, au fanya kazi hii asubuhi kabla gari halijawashwa. Toa ufunguo, kwa sababu kwenye baadhi ya magari feni inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Utajua liko tayari: bonyeza mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa wa baridi na unabonyea bila kusukuma mkono, weka tambaa juu ya mfuniko, zungusha robo, sikiliza. Kama kuna mlio wa "sss", rudisha na usubiri zaidi.

## Hatua ya 2: Hakikisha kinachodondoka ni kulanti

Tandika boksi chini ya injini usiku kucha. Chora juu yake mahali tairi za mbele zilipo, ili asubuhi ujue doa liko chini ya sehemu gani ya gari. Mchoro huo utakuokolea muda mwingi katika Hatua ya 5.

Maji meupe yasiyo na harufu wala utelezi, yanayodondoka upande wa abiria baada ya safari yenye AC, ni maji ya AC. Mji wa Moshi ukipata joto lake la Januari, gari linaweza kuacha kidimbwi kizima na likawa zima kabisa.

Kulanti ina rangi (pinki, nyekundu, kijani au bluu), inateleza ukiisugua kati ya vidole vyenye glavu, na ina harufu ya utamu. Usiionje. Kemikali yake kuu, ethilini glaikoli, ni sumu inayoua figo, na utamu huo ndio unaowavutia mbwa na watoto. Kama unafuga, funga mifugo kabla ya kuanza na futa kila tone.

Nyekundu inaweza pia kuwa oili ya giaboksi. Tofauti utaiona kwenye tambaa lililolowa: kulanti huoshwa na maji, oili hubaki.

Boksi likiwa kavu kabisa lakini kiwango kinashuka, usikate tamaa wala usikimbilie kusema "injini inakunywa maji." Tone linaweza kuwa linakauka juu ya chuma cha moto kabla halijafika chini. Endelea.

## Hatua ya 3: Ondoa shaka ya hedi gasketi mapema

Kama gasketi ya silinda hedi (kizibo bapa kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku yake) imekufa, mipira na klipu zote utakazobadilisha ni hela iliyopotea. Ukaguzi huu ni wa dakika chache.

Chomoa kijiti cha oili, kisha fungua mfuniko wa kujazia oili. Oili iliyochanganyika na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Utando kidogo wa aina hiyo chini ya mfuniko peke yake, kwa gari la safari fupi fupi za mjini wakati wa baridi ya Julai, unaweza kuwa ni mvuke tu. Ukiwa mpaka kwenye kijiti, hilo ni jambo jingine.

Kisha chungulia mdomo wa rejeta. Je, kuna mafuta yanayoelea?

Mwisho, jaza rejeta mpaka mdomoni, acha mfuniko wazi, washa injini ikiwa ya baridi kabisa. Viputo vichache mwanzoni ni kawaida. Viputo vinavyotoka mfululizo na kuongezeka ukikanyaga mafuta ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Dalili nyingine ni mpira wa juu kuwa mgumu kama umejazwa upepo dakika moja tu baada ya kuwasha, na moshi mweupe mzito wenye harufu ya utamu kwenye ekzosi hata injini ikishapata moto.

Onyo: ukikuta mojawapo, simama hapa. Usiendeshe gari hilo kwenda kwa fundi, livutwe. Kazi ya hedi inahitaji vifaa vya kupimia unyoofu wake na ukazaji wa bolti kwa kipimo, na siyo ya uani.

Ukiwa salama: oili safi, mdomo wa rejeta hauna mafuta, viputo vinaisha.

## Hatua ya 4: Lazimisha uvujaji ujionyeshe

Hapa ndipo wengi wanaruka. Wanaona unyevu kwenye mpira, wananunua mpira.

Injini ikiwa ya baridi na rejeta imejaa, funga ile pampu ya kupimia presha mahali pa mfuniko. Pandisha taratibu mpaka ifike namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wako, na usizidishe. Ukiwa na 0.9 usipige 1.5 "ili tuone haraka," maana utapasua tanki la plastiki la rejeta lililokuwa zima.

Acha dakika 15. Mshale ukibaki pale pale, hakuna panapovuja kwenye baridi. Ukishuka, mahali fulani maji yanatoka, na sasa yanatoka injini ikiwa imezimwa, feni haizunguki, hakuna mvuke, nawe unaweza kuingiza kichwa na tochi bila hofu. Faida ya kupima kwenye baridi ni hiyo.

Kuna uvujaji unaotokea kwenye baridi tu. Klipu ya zamani hulegea asubuhi chuma kikiwa kimesinyaa, kisha injini ikipata moto kila kitu kinapanuka na kujibana. Gari la namna hiyo ukilipeleka gereji saa sita mchana, fundi ataapa halivuji. Julai ya Arusha huwafichua hao.

Huna pampu? Osha sehemu ya injini kwa tambaa lenye maji, kausha, funga mfuniko, washa injini mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Zima, kisha angalia kwa tochi papo hapo bila kufungua chochote. Mikono na mikono ya shati mbali na feni na mikanda.

## Hatua ya 5: Fuata njia ya maji, kutoka juu kushuka

Maji hudondoka mbali na yanapovujia. Tone unaloliona chini ya injini limepita juu ya bolti, limefuata waya, likaning'inia kwenye plastiki ya chini. Kwa hiyo tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Hapo ndipo chanzo kilipo, au pako jirani sana.

Ukikosa unyevu, tafuta ukoko. Kulanti ikikauka huacha chumvi ya rangi yake: pinki iliyopauka, kijani au nyeupe. Ukoko huo hausemi uongo, kwa sababu hukaa miezi.

Pitia kwa mpangilio huu:

Mfuniko na shingo ya rejeta. Uangalie mpira wa ndani: umekatika, umekakamaa au una alama ya kuzama? Jirani mmoja wa Njiro alibadilisha rejeta nzima wakati ugonjwa ulikuwa mfuniko. Mfuniko uliochoka husukuma maji kwenye tanki la akiba na hauyavuti tena injini ikipoa. Dalili yake: tanki limejaa mpaka linamwaga, huku rejeta yenyewe iko nusu. Ndiyo maana nimeuweka mfuniko mpya kwenye orodha ya vifaa. Ni spea rahisi kuliko zote katika mfumo huu na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Kiungo cha plastiki na alumini kwenye rejeta. Rejeta nyingi za magari yetu zina tanki jeusi la plastiki juu na chini, lililobanwa kwenye alumini. Plastiki ikizeeka hubadilika kuwa ya kahawia na kupata nyufa nyembamba kama unywele, hasa karibu na shingo ya mpira wa juu.

Mipira, ncha kwa ncha. Juu, chini, na ile miwili myembamba inayokwenda kwenye hita. Ikunje kidogo na mulika. Mpira uliovimba karibu na klipu, uliolainika kwa oili au uliopasukapasuka umekwisha.

Nyumba ya themostati, ile vali inayofungua njia ya maji injini ikipata moto. Angalia mstari wa gasketi yake.

Pampu ya maji. Nyingi zina kitundu kidogo upande wa chini. Kitundu hicho siyo kasoro, kimewekwa makusudi ili sili ya ndani ikifa maji yatokee nje yasiingie kwenye beringi. Tumia kioo. Alama kavu hafifu inaweza kuvumilika, lakini tone jipya au mstari wa ukoko unaoshuka chini ni pampu inayoaga. Shika puli na uitikise: ikicheza, usingoje.

Ndani ya gari. Inua zulia upande wa abiria. Likiwa limelowa maji yanayoteleza, na kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafuta ukiwasha hita, ni rejeta ndogo ya hita inayovuja. Hiyo inahitaji kufungua dashibodi, mwachie fundi.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuweka kidole na kusema "ni hapa," ukafuta, na ukaona unyevu unarudi. Kabla ya hapo usinunue spea yoyote isipokuwa mfuniko.

## Hatua ya 6: Ziba kilichoonekana

### Mpira na klipu

Hii ndiyo kazi ambayo mtu yeyote mwenye subira anaiweza, kwa hiyo tuifanye vizuri.

Weka beseni chini, fungua koki ya chini ya rejeta taratibu, maji yamwagike humo. Kama koki ni ya plastiki na imekakamaa, usiilazimishe. Itakatika, na hapo utakuwa na matatizo mawili. Vua mpira wa chini badala yake.

Legeza klipu, isogeze katikati ya mpira. Sasa usivute. Mpira wa miaka mingi umegandana na shingo, na shingo ni plastiki. Chukua wembe, chana mpira kwa urefu kuanzia nchani, sentimita 2 au 3 tu, huku ukiukandamiza kwa wepesi ili ncha ya wembe isichore plastiki iliyo chini. Ingiza bisibisi bapa kwenye mpasuko, banua, na mpira utafunguka kama ganda la ndizi. Unautupa hata hivyo.

Shingo sasa iko wazi. Mara nyingi utakuta ukoko mweupe umeizunguka. Huo ukoko ndio huwafanya watu waweke mpira mpya na klipu mpya na bado livuje: mpira unakaa juu ya vijiwe na maji yanapita katikati yake. Sugua kwa msasa laini kwa kuzunguka, siyo kwa kwenda mbele na nyuma, mpaka kidole kipite bila kukwama. Futa vumbi lote.

Peleka mpira wa zamani dukani. Usiseme tu "naomba mpira wa IST," maana injini ni tofauti na mikunjo ni tofauti. Sema: "Kaka, niangalizie mpira wa chini wa rejeta kama huu, injini 2NZ," na uulinganishe mkononi mkunjo kwa mkunjo kabla ya kulipa.

Kabla ya kuvalisha, tia klipu kwenye mpira kwanza. Lowesha ndani ya mpira kwa kulanti kidogo. Usitumie oili wala grisi, kwa sababu hulainisha mpira na kuuvimbisha. Usukume mpaka uvuke ule ukingo uliotuna wa shingo na ufike mwisho. Klipu ikae nyuma ya ukingo huo, siyo juu yake wala nchani kabisa mwa mpira.

Kaza mpaka mpira uanze kutuna kidogo pembeni mwa klipu, basi. Ukikaza mpaka chuma kinazama, umeukata.

Silikoni hapa haina kazi. Mpira mzima juu ya shingo safi hauihitaji, na vipande vyake vikimeguka huingia kwenye njia nyembamba za rejeta.

### Rejeta, themostati, pampu

Rejeta yenye ufa kwenye plastiki ibadilishe. Gundi hudumu mpaka mlima wa kwanza. Yenye tundu kwenye alumini, fundi wa rejeta anaweza kuichomelea, ila mwulize kama ataipima presha mbele yako.

Nyumba ya themostati: fungua bolti, weka gasketi au oringi mpya, na badilisha themostati papo hapo, kwa kuwa umeshafika. Kitundu kidogo chenye kipini kwenye themostati kikae juu kama kitabu hakisemi vinginevyo, maana ndimo upepo unamopitia.

Fundi akikwambia "tuitoe hiyo themostati, huku kwetu kuna joto," kataa kwa heshima. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata moto, hula mafuta zaidi na huchakaa haraka. Isitoshe, Arusha asubuhi ya Julai haina hilo joto analolisema.

Pampu ya maji ya IST au Vitz inaendeshwa na mkanda wa nje, na mtu aliyezoea spana anaweza kuibadilisha nyumbani. Kwa injini ambazo pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi, kama 3S ya Noah na RAV4 za zamani, mpe fundi, na mkanda wa taimingi ubadilishwe siku hiyo hiyo.

Unga wa kuziba rejeta, mayai na dawa nyingine za kumimina: za kukutoa porini tu. Zinaziba tundu na pia zinaziba rejeta.

## Hatua ya 7: Suuza na ujaze

Kama kulanti iliyotoka ni safi, ruka kusuuza. Kama ni ya kutu, jaza maji safi, washa mpaka injini ipate moto, acha ipoe kabisa, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Usitie maji baridi kwenye injini ya moto: hedi inaweza kupasuka au kupinda.

Kwa nini usijaze maji ya bomba tu, na huku hakuna barafu ya kutisha? Ni kweli hakuna anayeendesha IST mpaka Kibo. Lakini kulanti haikuwekwa kwa ajili ya barafu peke yake. Inazuia kutu, inailinda alumini na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya bomba na ya visima huja na chumvi na chokaa, na hayo hujijenga ndani ya mirija ya rejeta hata yawe meupe kiasi gani kwenye glasi.

Rangi ya kulanti siyo kipimo cha aina yake. Fuata maelezo ya dumu na ya gari, na usichanganye aina mbili. Zisizopatana zinaweza kufanya uji. Dumu lisiloandika kilichomo ndani liache dukani. Ile ya pinki ya Toyota hupangiwa kilomita 160,000 kwa mara ya kwanza na 80,000 kila mara baada ya hapo. Gari lako limekuja kutoka Japani likiwa limetumika, kwa hiyo hesabu ya 160,000 ilishaanza huko. Tumia ya 80,000.

Jaza polepole kwa faneli. Ukimimina kwa haraka unafungia upepo ndani.

## Hatua ya 8: Toa upepo

Upepo uliofungiwa ndani ya injini hukaa sehemu za juu, karibu na hedi na kwenye mirija ya hita. Pale penye upepo maji hayagusi chuma, na chuma kinaungua huku kipima joto, kikiwa nacho kimezungukwa na upepo, kinaweza kusoma uongo. Ndiyo sababu gari lililozibwa vizuri linachemsha siku inayofuata.

1. Egesha gari pua ikitazama mlimani. Mteremko mdogo wa uani unatosha. Moshi na Arusha hatuna shida ya kupata mwinuko. Lengo ni mdomo wa rejeta uwe sehemu ya juu kuliko zote. Vuta breki ya mkono, weka jiwe nyuma ya kila tairi.

2. Mfuniko wazi, rejeta imejaa mpaka mdomoni. Weka hita kwenye joto la mwisho, feni ya ndani iwe ndogo. Hita ikiwa imefungwa, kwenye magari mengi yenye vali, maji hayapiti humo na upepo unabaki.

3. Kabla ya kuwasha, bonyeza mpira wa juu na wa chini mara nyingi kwa mkono. Utasikia "glugu, glugu" na kiwango kitashuka. Ongeza.

4. Washa. Iache ingurume polepole bila kukanyaga mafuta. Kiwango kitapanda na kushuka. Kila kikishuka, ongeza.

5. Baada ya dakika 10 hadi 20 hivi, themostati itafunguka. Utajua kwa mpira wa chini au wa juu, kutegemea gari, kubadilika kutoka baridi kwenda moto kwa ghafla. Kiwango kitashuka kwa mkupuo. Ongeza tena. Kaa pembeni, usiinamie mdomo wa rejeta, kwani kipovu kikubwa kinaweza kurusha maji ya moto.

6. Injini ikishaanza kusukuma maji juu yafurike, funga mfuniko. Kanyaga mafuta taratibu mpaka mizunguko 2,000 au 2,500, shikilia nusu dakika, achia. Rudia mara kadhaa. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili.

7. Jaza tanki la akiba mpaka alama ya FULL, zima, acha ipoe mpaka baridi kabisa. Fungua, ongeza kilichopungua.

Baadhi ya magari yana skrubu ya kutolea upepo karibu na themostati. Kama lako linayo, ilegeze wakati wa kujaza mpaka yatoke maji bila viputo, kisha uifunge.

Umefaulu: hita inatoa hewa ya moto isiyobadilika hata injini ikinguruma polepole bila kukanyaga mafuta, husikii maji yakichuruzika nyuma ya dashibodi, na tanki la akiba limeshuka kidogo injini ilipopoa. Kushuka huko ni habari njema: mfuniko unavuta.

Upepo bado haujaisha: hita inatoa moto ukikanyaga mafuta na baridi ukiachia. Rudi namba 3.

## Hatua ya 9: Jaribu kwa ngazi

Siku ya kwanza zunguka mjini tu, ukiwa na lita mbili za maji na tambaa kwenye buti. Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu na nyekundu tu. Nyekundu ikiwaka umeshachelewa, kwa hiyo kwa magari hayo usiache kuangalia kiwango kila asubuhi wiki ya kwanza, injini ikiwa ya baridi. Bandika utepe kwenye tanki la akiba mahali kiwango kilipo. Kushuka kidogo siku mbili za mwanzo ni upepo uliosalia unatoka. Kushuka siku ya tano ni uvujaji, na unarudi Hatua ya 4.

Siku ya pili nenda mwendo wa barabara kuu: Arusha hadi Usa River na kurudi, au Moshi hadi Boma Ng'ombe. Ikipita, ndipo upande mlima. Mlima mrefu wa gia ndogo, kama kupandisha Marangu au Machame na gari limejaa watu, ndio mtihani wenyewe: injini inafanya kazi nzito huku upepo unaopita kwenye rejeta ni mdogo. Wanaotoka Dar mwezi Desemba kwenda kula sikukuu nyumbani hufaulu zaidi ya kilomita 500 za lami, kisha wanachemsha kilomita za mwisho.

Likianza kupanda joto njiani, zima AC, washa hita mpaka mwisho, tafuta pa kuegesha. Mshale ukiendelea kupanda, zima injini na usiguse mfuniko.

Na ile kulanti chafu iliyo kwenye dumu: usiimwage mfereji wa migomba wala shimo la choo. Funga, andika SUMU kwa herufi kubwa, weka juu watoto wasipofika, halafu uipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu, uwaulize kama wanapokea na kulanti, ila isichanganywe na oili yao.